Kalamu za Mzinga wa Babu

Misigiri, Iramba
14 Aprili 2024

Mjomba Nathanaeli,

Shikamoo. Huku tu wazima wote, isipokuwa mama ambaye goti limeanza tena kumsumbua. Mdomo wake hata hivyo haujambo kabisa. Anasema nimkumbushe kaka yake kwamba asali aliyoahidiwa Krismasi bado anaingoja, na kwamba Krismasi nyingine inakuja. Alizeti zimesimama vizuri, nyingine zimenipita urefu, nawe unajua mimi si mfupi. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mama Alute tunamsalimu sana.

Simu husikii na ujumbe hujibu, kwa hiyo nimerudi kwenye barua kama zile tulizoandikiana nilipokuwa sekondari. Hii nampa kondakta wa basi la Singida, na mwenzake wa Itigi ataifikisha hadi kwenye meza ya karanga ya Mama Alute pale stesheni. Jibu litarudi kwa njia hiyohiyo.

Sasa lililonifanya nishike karatasi. Mjomba, nataka kununua mashine ya kukereza mbao. Si jitu kama lile mlilokuwa nalo kiwandani la miguu ya vitanda. Hii ni ndogo, inakaa juu ya meza, urefu wake kama mkono wangu kuanzia begani. Nataka kukereza kalamu. Usicheke kwanza. Mwaka jana niliona kwenye maonyesho ya wajasiriamali mjini: unachukua kipande cha mbao kama kidole, unakitoboa katikati, unagandisha ndani yake kibomba cha shaba kwa gundi, halafu unakifunga kwenye mashine na kukikereza mpaka kinang'aa. Mwisho unapachika ncha na wino, mtu anaandika. Nilisimama pale hadi mwenye meza akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Kwa sasa nipo nyumbani kwa likizo, yaani ile karakana ya fanicha ya mjini nimeiacha kidogo. Tukishavuna, magunia yangu ya alizeti yatageuka mashine. Naomba mambo mawili. Niambie mashine inachaguliwaje. Na siku ya kuifunga uje Misigiri, siku moja tu. Randa nilishika kwako, msumeno nilishika kwako. Nataka na hii ianzie mikononi mwako.

Mpwa wako anayengoja jibu kabla mvua haijakatika,
Elina

*

Itigi
2 Mei 2024

Mpwa wangu Elina,

Marahaba. Tumeipata barua yako ikinuka karanga, kwa hiyo njia inafanya kazi. Mama Alute hajambo, treni zikisimama yeye ndiye bosi wa stesheni. Alute wetu yuko Dodoma na amenenepa. Mwambie dada yangu asali ipo, haina miguu, ndiyo maana haijafika.

Nimecheka ingawa umenikataza. Miaka karibu arobaini nimekereza miguu ya vitanda vya watu, na wengine wamezaliwa na kufa juu ya miguu hiyo. Leo mpwa wangu anataka mashine ya kukereza kalamu. Kesho utaniandikia unakereza njiti za kiberiti.

Lakini nikishacheka nasema ukweli: kazi ndogo ndiyo inayomwumbua fundi. Mguu wa kitanda ukikosea kidogo nani atalala chini auangalie? Kalamu mtu anaishika mbele ya macho yake kila siku. Kwa hiyo sikiliza.

Usinunue rangi. Mashine mpya zote zina rangi nzuri. Mwambie muuzaji aiwashe wewe ukiwa umesimama hapo, na kama hana umeme siku hiyo rudi siku nyingine. Weka kiganja juu ya kichwa chake, pale penye mota. Mimi tangu masikio yangu yaharibike kiwandani nilikuwa nasikia mashine kwa kiganja, na kiganja hakijawahi kunidanganya. Ikitetemeka ikiwa haina kazi, basi ikipewa kazi itaruka. Izime, izungushe kwa mkono taratibu, isikwaruze popote. Hakikisha ina mwendo wa polepole na wa haraka. Dai mkanda wa akiba papo hapo, maana ukishaondoka dukani hawakujui. Patasi wanazokupa bure ni za kufungulia makopo ya rangi, nunua zako.

Kuja sitaweza. Nyuki wanahama msimu huu na mizinga inataka mtu. Utaifunga mwenyewe, si unajua kusoma?

Halafu hiyo likizo. Mama yako alimwambia Mama Alute kwamba uko nyumbani tangu Januari. Hata walimu hawapewi likizo ya namna hiyo.

Utanisamehe mwandiko. Hizi kalamu za siku hizi ni takataka, zinaandika zinapotaka zenyewe.

Mjomba wako mwenye mizinga mingi na subira kidogo,
Nathanaeli

*

Misigiri
23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama goti limetulia. Tumevuna, tumepiga, tumeuza. Wale mapacha wa mbuzi mmoja amekuwa mtundu hadi anapanda juu ya banda la kuku, na kuku wamemzoea.

Nimeinunua. Naandika huku naiangalia. Muuzaji wa mjini alishangaa nilipoweka kiganja juu ya mota nikafumba macho, akaniuliza, "Dada, unaiombea?" Nikamwambia naisikiliza. Ya kwanza ilikuwa inatetemeka, nikaikataa. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imetulia kama mtu aliyeshiba, nikasema hii. Mkanda wa akiba alikuwa hataki kutoa, nikamwambia basi tuachane, akatoa.

Likizo nayo, sawa, umenikamata. Sikupewa likizo, niliondoka. Miaka minne kwenye ile karakana nimepiga msasa. Miguu ya meza waliyokereza wanaume mimi naipiga msasa. Niliomba mashine mara tatu, na mara ya tatu bosi wangu Gabrieli akaniambia mbele ya wote kwamba mashine si kazi ya mwanamke, kitenge kitanaswa. Wakacheka. Nikaweka msasa chini nikatoka, wala sikuchukua hata chakula changu.

Nitakuambia kilichoniuma, Mjomba, na usikasirike. Neno lile la kitenge sikulisikia kwa Gabrieli kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekuja Itigi likizo, ulinifundisha kila kitu kilichokuwa kwenye banda lako, na nilipogusa mashine yako ya kukereza ukasema maneno yaleyale. Nilikuamini. Gabrieli sikumwamini.

Sasa shida ya leo. Nimeifunga juu ya meza ya jikoni ya zamani, bolti nne. Nilipoiwasha meza ilianza kutembea. Kweli kabisa, ilitoka ukutani ikaelekea mlangoni, mama akaliita jina la Yesu. Na kile kipande cha majaribio kimetoka na mawimbi kama bati la nyumba. Halafu mgongo unaniuma kwa kuinama.

Na siwezi kufanya mchezo. Shule ya sekondari ya huku imeniagiza kalamu thelathini kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne, tarehe kumi na mbili Oktoba. Mwalimu Jesca, anayesimamia mahafali, aliona picha za kazi nilizozitamani, akadhani ni zangu, na mimi sikumsahihisha. Nikishindwa, nitarudi kwa Gabrieli kuomba msasa. Bora nilime.

Njoo, Mjomba. Nyuki wameshahama sasa.

Elina wa meza inayotembea

*

Itigi
9 Julai 2024

Elina,

Marahaba. Huku baridi, upepo, vumbi. Mama Alute anasema ukipiga picha ya huyo mbuzi juu ya banda utume.

Umesema nisikasirike na sikukasirika. Hilo la kitenge tuliache kwanza, nina kazi ya kukuelekeza.

Meza ya jikoni ni ya ugali. Mashine ndogo ni nyepesi, kwa hiyo uzito inaomba kwa meza. Tafuta mbao nene za mninga hata kama ni chakavu, funga miguu minne minene iliyotanuka chini, na kati ya miguu uweke kasha ulijaze mchanga mkavu. Mchanga, si mawe. Mawe yanapiga kelele, mchanga unameza mtikisiko. Pima kwa pima maji huku na huku, na pale penye pengo usikunje karatasi ya daftari, kata kabari ya mbao.

Urefu. Usipime kwa futi. Simama wima na viatu utakavyofanyia kazi, kunja mkono. Pale kiwiko chako kinapoishia ndipo katikati ya mashine panapotakiwa kuwa. Kiwiko chako wewe, si changu wala cha mwanamume yeyote. Ndiyo maana mgongo unakuuma, umeinama kwenye urefu wa wapishi.

Mawimbi. Mashine yako ina ncha mbili, ya mbele inayozunguka na ya nyuma inayobana. Zisogeze mpaka zibusiane. Zikipishana hata unywele, kazi yote itatoka na mawimbi. Jicho linadanganya, kwa hiyo chukua wembe mpya, uuweke katikati ya ncha hizo mbili uzibane polepole. Wembe ukisimama wima, umepata. Ukilala upande, legeza bolti za kichwa, sogeza, jaribu tena. Mimi ilinichukua asubuhi nzima mara ya kwanza, na nilikuwa na masikio.

Sasa la mbao. Usihangaike na mpingo wa kununua. Hapa Itigi tumezungukwa na vichaka ambavyo sisi maseremala tumevidharau maisha yetu yote kwa sababu havitoi ubao hata mmoja, vinatoa fito. Lakini kalamu inataka nini? Fito. Nimekuwekea chache zilizokauka. Na zaidi ya hizo nimekata vipande vya mzinga wa babu yako. Ule wa mninga, alioutoboa mwenyewe, umening'inia porini miaka mingi kuliko umri wako, mwaka jana kamba ikakatika. Mbao imekauka mpaka inalia ukiigonga. Hakuna duka litakalokuuzia mbao kama hiyo. Wape hao wanafunzi kitu cha ukoo wetu.

Kuja, tutaona baada ya kurina asali. Mwandiko usiuulize, kalamu ileile.

Nathanaeli, seremala mstaafu asiyestaafishwa

*

Misigiri
18 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo tena na tena. Wembe umesimama wima! Ulilala mara kumi na moja, ya kumi na mbili ukasimama. Nilimwita mama aje aone, akaangalia wembe, akaniangalia mimi, akasema, "Ndiyo hicho tu?" akarudi kwenye mboga zake.

Meza sasa haitembei. Mchanga nimeuchota korongoni nikauanika siku mbili. Mashine iko kwenye kiwiko changu kabisa na mgongo hauumi. Navaa shati la mikono mifupi, nywele nimefunga ndani ya kofia, miwani machoni, barakoa. Kitenge kimebaki kwenye kamba ya kuanikia, hakijanaswa na kitu isipokuwa upepo.

Kalamu ya kwanza ilipasuka. Ya pili nilibonyeza patasi sana ikachimba shimo. Ya tatu, Mjomba, ya tatu nilikaa nayo uani nikaandika jina langu kwenye mfuko mzima wa saruji. Na ule mninga wa babu! Maranda yake yananukia asali hadi nyuki wanakuja mlangoni kuuliza. Hauhitaji hata vanishi, ukiushika kwa kitambaa ukiwa unazunguka, unang'aa wenyewe. Nimeshatengeneza kumi na nane, zote za mzinga. Mwalimu Jesca alipoziona alizitazama moja moja, halafu akauliza kama naweza kuongeza kumi. Nikasema naweza.

Kuna kitu nimekiona na sijui nikiseme vipi, kwa hiyo nakisema tu. Vipande ulivyonitumia nilivipanga juu ya meza. Vile vya mwanzo vimekatwa kama ninavyokujua, ukiviweka pamoja mwanga haupiti. Vile vya mwisho msumeno umeyumba. Na pembeni kuna alama ndogondogo nyingi, za msumeno ulioanza ukaacha, ukaanza tena. Sijawahi kuona alama hizo kwenye kazi yako. Ni nani aliyekata? Kama ni wewe, niambie.

Mpwa wako mwenye vumbi hadi kwenye nyusi,
Elina

*

Misigiri
22 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi mzima hujanijibu. Kondakta anasema barua ilifika na Mama Alute aliipokea kwa mkono wake. Kama nimekukosea kwa swali langu, nimekosea. Lakini sitaomba msamaha kwa kujua kazi yako ilivyo, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuiangalia.

Naandika kwa haraka kwa sababu mambo yameharibika. Kalamu zinaachia. Juzi nilichukua moja kuandika orodha ya duka, ile mbao ikazunguka peke yake mkononi, kibomba cha shaba kimebaki ndani kimelegea kama jino bovu. Nikajaribu nyingine, vilevile. Kati ya thelathini na mbili nilizomaliza, kumi na tisa zimeachia gundi. Zile za fito za vichakani zimeshika, hakuna hata moja iliyolegea. Ni za mzinga tu. Nimebadilisha gundi, nimepiga msasa vibomba, nimeanika. Zinakaa siku tatu nne halafu zinaachia.

Siku ishirini zimebaki. Vibomba vya akiba ninavyo, mbao za mzinga ninazo bado, ninachokosa ni kujua kosa langu. Jana nilikaa mbele ya mashine sikuiwasha, nikamwona Gabrieli waziwazi ananinyooshea msasa. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikaja kuandika.

Sikuombi uje. Nijibu tu, hata mstari mmoja.

Elina

*

Itigi
26 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Mama Alute. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa ataandika kila neno hata yale nitakayojuta.

Kwanza kazi. Kosa si lako, ni langu. Niliusifu mzinga ule kama mtu anayeozesha binti yake. Miaka yote ile nyuki wamekuwa wakiupaka nta, na joto la jua limekuwa likiinywesha mbao nta hiyo. Ndiyo maana unang'aa bila vanishi. Na gundi haishiki juu ya nta, hata mtoto anajua. Mimi ni seremala na ni mrina asali. Siku ile seremala aliona mbao nzuri, na mrina asali alikuwa amelala. Nimejitukana siku nzima, Mama Alute shahidi. (Ni kweli, tangu asubuhi. M.A.)

Fanya hivi. Vipande vilivyobaki tazama upande gani ulikuwa tumboni mwa mzinga. Ni mweusi zaidi. Huo ukate utupe, tumia wa nje. Ukishatoboa, osha tundu kwa spiriti, futa kwa pamba juu ya kijiti, osha tena hadi pamba itoke safi. Anika juani. Kibomba kikwaruze kwa msasa mkali kisha kioshe nacho. Halafu tumia ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, si ya matone. Iache siku nzima kabla hujagusa. Zilizoachia usizitupe: chomoa kibomba, osha tundu vilevile, rudisha. Zitashika.

Sasa swali lako la Agosti. Niliyekata ni mimi. Mkono wa kulia unatetemeka, mwaka wa pili huu. Daktari ameupa jina na dawa, dawa inasaidia asubuhi. Sikujibu ujumbe wa simu kwa sababu kidole kinagusa herufi tatu kwa mpigo. Sikuwa na tatizo la kalamu. Nyuki hawakunizuia kuja. Niliogopa nije kwako, ushike spana, uninyooshee bolti, nishindwe kuiingiza kwenye tundu lake huku unaniangalia. Nilikuambia uweke kiganja juu ya mota. Mimi nikiweka changu sijui tena anayetetemeka ni nani, mashine au mimi. Ndiyo maana niliuza yangu, na niliwaambia watu nimechoka.

Na la kitenge. Asubuhi ya siku ile ulipogusa mashine, mashine ya kiwandani ilikuwa imemchukua Calist vidole viwili. Ni mwenzangu aliyesimama kwenye mashine ya pili kutoka yangu, na hakuwa amevaa kitenge, alikuwa amevaa ovaroli kama mimi. Nilirudi nyumbani nikakuona umeweka mkono pale. Niliogopa, na woga wangu nikauvalisha kitenge. Ningekuambia ukweli, ungejifunza miaka kumi na sita mapema. Ulikuwa na mkono mzuri kuliko Alute, naye yupo Dodoma hawezi kunisikia.

Maliza kalamu zako.

Nathanaeli, kwa mkono wa Mama Alute

*

Misigiri
20 Oktoba 2024

Mjomba na Mama Alute,

Shikamooni wote wawili. Mama amesomewa barua yenu. Aliniambia niirudie tangu mwanzo, halafu akasema mtu asidaiwe tena asali.

Zimeshika. Arobaini zote. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili kahawia, ya tano safi. Nilizijaribu moja moja, nikazipindisha hadi vidole vikauma, hakuna iliyozunguka. Siku ya mahafali nilikaa nyuma kabisa na mama. Mwalimu Jesca aliwaeleza kwamba mbao hiyo ilikuwa mzinga wa asali, na watoto wote wakapeleka kalamu puani kwa pamoja. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Baadaye mtu wa idara ya elimu wilayani akaniuliza karakana yangu iko wapi. Nikasema Misigiri, karibu na njia panda ya Kiomboi, uliza kwa Fundi Elina. Nilijisikia nikilitamka jina hilo kwa mara ya kwanza na halikunikwama.

Sikukasirika, Mjomba. Niliumia, halafu nikamfikiria Calist, halafu nikakufikiria umesimama mlangoni unaniangalia nikiwa na mkono pale. Tumemaliza.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kalamu ya arobaini na moja. Haifanani na zile nyingine. Nimeuliza kwa muuguzi wa zahanati ya hapa, na nimejaribu mwenyewe mara sita. Mkono unaotetemeka unahitaji kitu kinene usichohangaika kukibana, na kizito, uzito wake ufanye kazi ya kuutuliza. Kwa hiyo ni nene kama mpini wa kisu, na ndani nimetia kipande cha chuma upande wa ncha. Ile ya nne niliiona ina uzuri nikataka kukutumia, lakini ilikuwa nyembamba, ilikuwa ya kuniridhisha mimi. Hii si nzuri sana. Pale pa kushikia nimepakereza mabonde matatu kwa vidole vitatu. Vipimo nilivipata kwenye mpini wa randa yako uliyonipa, umelika pale ulipokuwa unashika.

Kama haikufai, sema wazi. Nitakereza nyingine.

Fundi Elina

*

Itigi
3 Novemba 2024

Fundi Elina,

Marahaba. Huu ni mkono wangu. Mama Alute amesimama nyuma yangu, nimemkataza kugusa karatasi.

Unaona herufi zinatembea kidogo. Zinatembea lakini zinafika. Mstari huu umenichukua muda wa kuchemsha chai, na mwaka huu wote sikuwa nimeandika mstari ambao ningekubali mtu ausome bila kusingizia kalamu. Sasa sina wa kumsingizia. Vidole viliingia kwenye yale mabonde vyenyewe.

Ina kosa moja. Pale mbao inapokutana na ncha kuna ukingo mdogo, utausikia kwa ukucha. Patasi yako ilikuwa imeanza kuwa butu na ulijua, ukaona uvivu wa kuinoa. Mengine yote ni kazi ya fundi, na sisemi hivyo kwa sababu wewe ni mpwa wangu.

Nimekuwa nikifikiria jambo. Mashine ina kile chuma cha kuegemezea patasi. Mkono ukiegemea chuma haubebi patasi, unaielekeza tu. Huenda mkono wangu, asubuhi baada ya dawa, ukiegemea vizuri, ukaweza. Huenda usiweze. Sijui, na hapa Itigi sina wa kunionyesha. Zamani nilikataa kukufundisha. Sasa nakuomba unifundishe wewe.

Nakuja Jumanne na basi la asubuhi, pamoja na asali ya mama yako. Mashine yako iko kwenye kiwiko chako. Usiishushe kwa ajili yangu hata inchi moja. Mimi ni mfupi, nitafutie ubao wa kusimamia.

Mjomba wako,
Nathanaeli